Kamba Ndani ya Ndoo ya Unga

Usiku ule Afande alikaa kwenye kiti cha plastiki kinachotazamana na mlango wa mbele, buti za kazini bado miguuni, akisubiri habari za mwanawe. Alikuwa amempigia simu mpaka akachoka kusikia kwamba hapatikani. Chakula cha kijana kilikuwa mezani ndani ya bakuli lililofunikwa kwa sahani, na kila baada ya muda aliligusa bakuli ubavuni kuona kama bado lina joto, kana kwamba joto la bakuli lingemwambia mtoto yuko wapi.

Na jikoni, ndani ya ndoo ya unga, chini kabisa, kulikuwa na kamba.

Afande lilikuwa jina la kazini. Alikuwa mlinzi wa geti la wanawake kwenye kiwanda cha sabuni, na kazi yake ilikuwa kuwapekua wafanyakazi wanapotoka zamu. Mikono yake ilikuwa na akili zake yenyewe. Iligusa mkoba mara moja tu ikajua kilichomo. Alishakuta sabuni ndani ya soksi, ndani ya kilemba, hata ndani ya chupa ya chai. Wanawake wale walimpenda hivyo hivyo.

"Afande, leo nimebeba kitambi tu, na hicho ni changu," mmoja alizoea kumwambia.

"Pita nacho. Mimi cha kwangu kinanitosha."

Tatizo ni kwamba mikono ile haikujua kutoka kazini. Nyumbani ilipapasa mkoba wa binti yake, ikaingia kwenye mifuko ya mume wake, ambaye ni fundi cherehani, mtu mpole wa maneno machache.

"Mke wangu," fundi aliwahi kumuuliza, "mimi nikiiba nitaiba nini? Vifungo?"

Basi jioni hiyo Afande alirudi kutoka zamu, akakuta begi la mwanawe limewekwa karibu na mlango. Kijana alikuwa anaoga. Kabla hajawaza lolote, mikono ilikuwa imeshaingia begini, ikatoka na kamba. Kamba ndefu, nene, imekunjwa vizuri.

Katika nyumba nyingine kamba ni kamba tu. Lakini katika nyumba ile, mwaka uliopita, kijana huyo alikuwa amejifungia chumbani mwake. Hakufiwa, hakuachwa, wala hakufukuzwa kazi. Alikuwa hodari wa kupaka rangi, akiitwa kazini nyumba hadi nyumba. Alianza tu kupungua, kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye maji. Akaacha kucheka, akaacha kuoga, akaacha kazi. Mwishowe akatia komeo, akasema kupitia mlangoni kwamba amechoka kuamka. Baba yake, huyo huyo fundi mpole, aliusukuma mlango kwa bega mpaka ukaachia, na bega likamuuma kwa muda mrefu.

Wakampeleka hospitali. Akapewa dawa, akapewa mtu wa kuzungumza naye, na muuguzi mmoja akamwambia mbele ya wazazi wake: "Na utafute mchezo, mdogo wangu. Si wa kwenye simu. Wa kukutoa jasho pamoja na watu." Waliporudi nyumbani, Afande alichukua bisibisi akaling'oa lile komeo. Vitundu vya skrubu vilibaki kwenye ubao, na tangu siku hiyo hakuna usiku aliolala bila kuufungua mlango ule taratibu, akasimama gizani, akasikiliza kama mtoto anapumua. Kijana alikuwa na ndevu, lakini kwa mama yake usiku alikuwa kichanga.

Siku za karibuni alikuwa ameanza kutoka jioni. "Naenda mazoezini kwa Kinyozi," alisema tu. Afande alifurahi nusu, na nusu nyingine akaiweka akiba kwa ajili ya wasiwasi. Sasa hii kamba.

Hakuuliza. Angeulizaje? Aliisukumiza chini ya unga, akafunika ndoo, akanawa mikono. Kijana akatoka kuoga, akalitupia begi begani bila kulifungua, akaondoka akipiga mluzi. Hata ule mluzi ulimtia shaka.

Sasa usiku ulikuwa umekwenda, na fundi alitokea chumbani akifikicha macho.

"Bado tu uko getini?"

"Hajarudi."

"Atarudi. Mtu mzima yule."

"Nilikuta kamba kwenye begi lake."

Fundi akavuta kiti akakaa. Mkono mmoja ulikwenda wenyewe kwenye lile bega.

"Iko wapi?" aliuliza baadaye.

"Kwenye unga."

"Kwenye unga?"

"Nilitaka niifiche mahali ambapo hakuna mwanamume wa nyumba hii anayefika."

Fundi akamtazama, akataka kucheka, akashindwa. Binti yao naye akatoka, shuka mabegani, akaketi sakafuni karibu na kiti cha mama yake. Huyo mdomo wake haukuwa na kizuizi, lakini usiku ule alimwegemea mama yake tu, wakakaa watatu wakiutazama mlango kama watu wanaotazama runinga iliyozimika.

Hatua zikasikika nje. Mlango ukasukumwa. Kijana akaingia, suruali imelowa mpaka magotini, mikono imekunjamana kwa maji, anacheka peke yake. Alipowaona wamejipanga, kicheko kikakatika.

"Nani kafa?"

"Hakuna," alisema baba yake. "Karibu."

"Simu yako!" Afande akafoka, na sauti ikamvunjika katikati.

"Imekwisha chaji, Mama. Samahani. Leo tumepata kisanga." Akaketi chini kuvua viatu, na maneno yakamtoka kwa mkupuo, mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. "Tumefika uwanjani, nafungua begi, kamba ya neti haimo. Na wiki hii zamu ya neti ni yangu! Watu wananitazama mimi. Kinyozi akasema msijali, akaenda kwake akafungua kamba ya kuanikia nguo, tukafungia neti, tukacheza. Mke wake karudi, nguo zote ziko juu ya majani, mbuzi wa jirani amelala kwenye shuka jeupe. Mama, yule dada hakupiga kelele. Alileta mabeseni tu. Timu nzima tumefua mpaka sasa hivi. Na mashuka tumeyafua mara mbili, maana alikuwa anakagua."

Binti akaangua kicheko. Fundi akafunika uso kwa kiganja, mabega yakimtikisika.

"Kamba ya neti," alisema Afande polepole.

"Ndiyo. Mpira wa wavu. Hamkuiona humu?"

Afande akainuka. Akaenda jikoni, akaingiza mkono kwenye ndoo mpaka kwenye kiwiko, akarudi na kamba nyeupe kwa unga, akaiweka mapajani mwa mwanawe. Unga ukamwagikia suruali yake iliyolowa.

Kijana aliitazama kamba, akamtazama mama yake, akaitazama tena. Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, uso wake ulibadilika.

"Mama, ulidhani…"

"Nilidhani."

Akakaa akizungusha ncha ya kamba vidoleni. "Wakati ule, ungekuwa na haki," alisema mwishowe. "Sasa hivi, hapana. Sikudanganyi. Kuna asubuhi bado naamka nikiwa mzito. Ila jioni wananisubiri. Nisipokwenda, neti haisimami." Akapangusa unga gotini. "Kesho njoo uone inavyofanya kazi hii kamba yako."

Afande alikwenda akitokea kazini moja kwa moja, na sare yake na buti zake. Uwanja ulikuwa nyuma ya kibanda cha kinyozi, kipande cha ardhi ngumu, nguzo mbili za chuma na mistari iliyochorwa kwa chokaa. Kinyozi, mtu mfupi mwenye kipara, ambacho wateja walikisema kila siku, akaja mbio.

"Shikamoo mama. Umekuja kutukamata?"

"Marahaba. Nimekuja kutazama."

"Basi utazame kwa faida. Hatuna mtu wa mstari, na hawa wote ni waongo. Mpira ukitoka, sema nje. Ukiingia, sema ndani."

Akamsimamisha kwenye kona, akampa kitambaa chekundu cha saluni badala ya kibendera. Afande alitaka kukataa, lakini mpira ulikuwa umeshapigwa.

Alimwona mwanawe akiruka. Hakuwa amejua kwamba anaweza kuruka vile. Wenzake walimwita Mnara, wakamtania kwamba akiinama mvua hunyesha, naye akawajibu papo hapo. Alikosea, wakamzomea, akacheka. Akapiga vizuri, watu wazima wazima wakamrukia mgongoni kama watoto. Kisha akapiga mpira mmoja kwa nguvu zote, vumbi likatimka karibu na chokaa.

"Ndani!" timu yake ikapiga kelele.

"Nje," alisema Afande, na kitambaa juu.

"Mama!"

"Nje, mwanangu. Kiganja kizima."

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. "Huyu ndiye mwamuzi!" Kinyozi alipiga makofi. "Mtoto wake wa kumzaa, hampitishi hata na kipande cha sabuni!"

Waliporudi nyumbani jioni ile, Afande aligundua jambo akiwa anavua buti. Kwa muda wote aliokuwa amesimama pale konani, akiutazama mstari, hakuwa amewaza kitu kingine chochote. Si mlango, si kamba, si usiku ule wa mwaka uliopita. Kichwa chake kilikuwa kimepumzika, naye hakujua kilipumzika saa ngapi. Alikula akashiba.

Akarudi tena, na tena. Baadaye mke wa Kinyozi, yule wa mabeseni, akakusanya wanawake wa mtaani wakaanza kucheza kabla ya wanaume, na Afande akaacha kitambaa akavaa raba za binti yake zilizombana vidole. Hakuweza kuruka, lakini mpira haukuanguka upande wake. Alikuwa ameshautazama tangu mkononi mwa mtu, akajua unakwenda wapi, kama anavyojua mkoba wenye sabuni. Wanawake wa kiwandani walisikia, nao wakaja. Mwenye kitambi akasimama mbele yake kwenye neti.

"Afande, leo nipekue tukiwa hapa!"

"Lete huo mpira, acha maneno."

Alirudi nyumbani amechoka ule uchovu mzuri wa miguu, si ule wa kichwa. Mikoba ya watu nyumbani ikaanza kupumzika. Fundi aliona akasema, "Siku hizi nikiiba vifungo sikamatwi," na kwa hilo akarushiwa taulo lenye jasho.

Kilichobaki ni ule mlango. Bado aliufungua kila usiku, ingawa sasa alisikia mkoromo kabla hata hajaukaribia. Kijana hakuwahi kulalamika. Alikuwa amerudi kwenye kupaka rangi, na jioni moja aliporudi na ndoo yenye rangi iliyobaki kazini, akaanza kuupaka mlango wa chumba chake. Alipofika kwenye vile vitundu vya skrubu, brashi ikasimama.

"Mama, hivi nivizibe?"

Afande alikuwa anachambua mboga. Akaiweka chini. Alikwenda kwenye kabati, akachukua kopo la vifungo la mume wake, akachakura chini ya vifungo mpaka akapata komeo na skrubu zake. Akaviweka kiganjani mwa mwanawe, pamoja na bisibisi.

"Usivizibe," alisema. "Rudisha."

"Una hakika?"

"Sina. Rudisha hivyo hivyo."

Usiku ule, nyumba ilipotulia, alitembea na miguu mitupu mpaka mlangoni pale. Rangi ilinuka bado. Ndani alisikia kijana akigeuka kitandani, kisha akasikia komeo likitelezeshwa, kwa upole, kama mtu anayejaribu kitu kipya. Akanyoosha mkono mpaka vidole vikagusa ubao, na rangi mbichi ikamganda vidoleni.

"Mama," sauti ikatoka ndani, yenye usingizi, "nenda kalale. Kesho mna mechi."

"Nimekuja kuangalia rangi."

"Haya. Imekauka?"

"Bado."

Akasubiri kidogo tena. Mkoromo ukaanza. Afande akafuta vidole kwenye gauni lake la kulalia, akamfuata mume wake kitandani, na mlango ule ukabaki umefungwa mpaka asubuhi.