Kijito chenye jina la mke wangu

Mchora ramani wa ofisi ya ardhi hubana pumzi anapovuta mstari, akimaliza ndipo huhema kama aliyetua mzigo. Vidole vyake vina wino hadi kwenye kucha. Vumbi la kifutio hulipuliza taratibu, utadhani anapoza uji wa mtoto. Nilimkuta akinakili ramani ya zamani kwenye karatasi mpya, huku akiondoa makosa. Mimi sijui kusoma, lakini kosa moja la ramani ile nalijua. Zamani mpima ardhi asiyejua lugha vizuri alinyoosha kidole kijitoni akauliza, “Jina nani pale?” Wenzangu wakadhani anamuulizia binti aliyekuwa akichota maji, wakamtajia jina lake. Binti huyo ndiye niliyekuja kumuoa.

“Mzee, kijito gani hiki kina jina la mtu?” akacheka, kifutio mkononi.

“La mke wangu. Usilifute, mwanangu.”

“Mwenyewe anasemaje?”

“Nilimzika mwaka jana.”

Akaweka kifutio chini, akachonga penseli. “Haya, nitajie polepole, nisikosee.”

Nikamtajia. Alipomaliza kuandika, mimi nilikuwa bado nalitaja.