Ng'ombe Hajakamuliwa

Watanzania wa hapa Minneapolis na Saint Paul walimwita baba yangu Shemeji, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa Mukraine. Alikwenda Dodoma ujanani kuchimba visima, akajifunza Kiswahili kwa mafundi wenzake, akamwoa mama, wakaja huku mimi nikiwa mtoto wa mgongoni. Kiswahili chake hakikuwahi kunyooka. Asubuhi za Januari, gari likigoma kuwaka, alirudi ndani akipuliza vidole na kusema, "Baridi huyu hana adabu." Miaka ya mwanzo mama alimsahihisha, halafu akaacha.

"Mwacheni," alituambia. "Baridi ya huku kweli ni mtu."

Nyumbani tulisema Kiswahili tu. Jumamosi baba aliwafundisha watoto wa wenzake Kiukraine katika chumba cha chini cha kanisa lao, na sisi watatu tulikaa nyuma tukisubiri kupanga viti. Mdogo wangu wa kiume alimwuliza mbona sisi hatufundishwi. Baba akamjibu, "Mimi nina kanisa zima la kusema nalo. Mama yenu ana nyinyi."

Mama alipokufa niliacha sekondari kabla ya kumaliza. Nikaingia jikoni kwenye nyumba ya wazee kule Hopkins, alikokuwa akifanya kazi yeye, kwa kuwa wadogo zangu walikuwa bado shuleni na baba hakuwa mtu wa kukaa ndani. Vita vilipofika kwao Ukraine, ndipo hatukumwona kabisa. Waliokimbilia huku aliwapokea uwanja wa ndege akiwa na makoti begani, akawatafutia vyumba, akawapeleka hospitali na kuwatafsiria. Wakamfanya mwenyekiti wao bila kumwuliza kama anataka.

Siku moja nilimpeleka kwa gari hospitali moja ya Saint Paul. Mzee wa kwao alikuwa anakata roho, na mwanawe, aliyekuja Marekani akiwa mchanga na sasa anaishi Coon Rapids, hakujua neno la Kiukraine. Mzee akasema jambo. Baba akainama, akasikiliza, kisha akamgeukia yule mwana na kumwambia kwa Kiingereza, "Baba yako anasema anakupenda." Yule bwana akaegemea ukuta, akalia kama mtoto.

Ndani ya gari nikamwambia baba kwamba yule mzee alimaliza vizuri.

"Alisema ng'ombe hajakamuliwa," baba akasema, "na jua linazama."

"Sasa baba, mbona umemdanganya mtu?"

"Yule kesho anarudi kazini. Arudi na ng'ombe?"

Nilicheka mpaka nikapitiliza njia ya kutokea. Naye alicheka, kisha akasema taratibu, "Mtu akifa, wewe waambie watoto anawapenda. Wote wanaonisaidia kutafsiri nimewafundisha hivyo."

Kiharusi kilimpata akishusha magodoro ya familia iliyofika juzi yake. Kiingereza kikamtoka chote. Kiswahili nacho kikaenda. Nilimwita "Baba" akanitazama kwa upole, kama anavyotazamwa muuguzi asiyejulikana. Kilichobaki ni Kiukraine, nacho kilitoka katika mdomo uliopinda upande. Mkalimani wa hospitali alikuja kwenye skrini, akasikiliza, akaomba radhi kwamba hashiki neno. Nikamwekea simu mdomoni inifasirie. Simu ikaandika habari za mlango na tiketi. Na baba alizidi kurudia maneno yale yale huku ameshika mkono wa sweta yangu, akivuta. Alitaka kitu. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Theluji ilikuwa imefunga barabara. Wa kwanza kufika katika watu wake alikuwa mama mmoja wa upande wa kwao, aliyepokelewa na baba uwanja wa ndege na baadaye akawa msaidizi wake katika kutafsiri. Akavua glavu, akaweka sikio karibu na mdomo. Baba akasema maneno yake. Yule mama akamwuliza kitu, baba akamjibu kwa kirefu, akivuta sweta yangu. Mama yule alifumba macho. Kisha akatugeukia.

"Anasema anawapenda."

Mdogo wangu wa kiume alimkumbatia. Wa kike akabusu mkono wa baba. Mimi nilibaki nimesimama, na sweta yangu imeshikwa. Baba alifariki kabla ya jioni.

Nilimfuata yule mama kwenye korido. "Tafadhali. Alikuwa anataka nini?"

Alivaa glavu zake kidole kimoja kimoja. "Nimekwambia alichosema, binti yangu."

Arobaini ipo kwao na ipo kwetu, kwa hiyo hapakuwa na ubishi. Tulikutana kwenye chumba kile cha chini cha kanisa, viti nikavipanga mimi, pilau ikawekwa karibu na ngano yao iliyopikwa kwa asali. Mdogo wangu wa kiume alisimama akawaeleza watu wote neno la mwisho la baba, kisha akamwomba yule mama amfundishe kulisema kwa Kiukraine. Yule mama alisita, akanitazama, akalisema. Mdogo wangu akalirudia, na chumba kizima kikalirudia pamoja naye.

Nilisikiliza kwa makini. Baba hakusema hivyo.

Sikuwaambia wadogo zangu na sitawaambia. Wao wana kitu cha kurudi nacho kazini. Mimi nina zile sauti tu, na sijui kama alikuwa anaomba maji, au anamwita mama, au kuna ng'ombe mahali. Huzirudia jikoni nikimenya viazi, zisinitoke. Lakini ulimi wangu ni ule alionipa yeye, na kila nikizirudia zinageuka Kiswahili: neno lililokuwa limekatika ghafla, sasa linaishia na a, linaishia na i. Nadhani kufikia mwakani nitakuwa nasema kitu ambacho hata yeye asingekielewa.