Saini ya Hamsini na Tisa

Ewald Kuczera aliongoza orkestra yetu ya mkoa kwa miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa nyuma upande wa kulia, nikipiga besi kubwa, ile fidla ndefu kuliko mtu. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Yeye alianza kwa kupuliza tarumbeta kwenye bendi ya mgodi, akaenda kusomea muziki Katowice, akashika nafasi ya tatu katika shindano moja la vijana. Orkestra ya Warszawa, mji mkuu, ilimwita mara mbili akaongoze, kisha haikumwita tena. Ndipo akaja kwetu.

Alikuja wakati mbaya. Ukumbi ulikuwa wa baridi, tukafanya mazoezi na makoti mwilini, yeye kabaki na shati na jasho linamtiririka. Alikuwa na mdomo mkali.

"Ludwin! Hiyo ni tromboni au unafukuza ng'ombe?"

"Ng'ombe wenyewe wako kwenye fidla, maestro!"

Tukacheka, tukarudia mara kumi. Alimuoa Klementyna, mpiga viola wetu, na walikuwa wakibishana nyumbani juu ya mwendo wa muziki mpaka majirani wanagonga ukuta.

Klementyna alifariki Jumanne moja ya Februari. Mshipa ulimpasuka kichwani akiwa kwenye foleni ya mkate. Jumatano, saa nne kamili asubuhi, Ewald alikuwa jukwaani. Alifungua daftari la nota, akasema, "Tuanzie herufi F." Tukaanzia pale penye herufi F kwenye nota. Ijumaa akaongoza tamasha, Jumamosi akamzika mkewe. Pale makaburini aliniuliza kama gari langu nimeliegesha mahali pazuri.

Tangu hapo hakukosea hata pigo moja. Mkono ulipanda, ukashuka, ukaenda pembeni. Hakufoka tena. Mwanzoni tulimwonea huruma, baadaye tukachoka, kisha wengine wakaanza kuchukia. Siku moja Ludwin alipiga makusudi mstari mzima nje ya sauti, kitu cha kuudhi kabisa. Ewald akaendelea.

"Maestro, hukusikia?" Ludwin akauliza.

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Na wewe umesikia. Tuendelee."

Ludwin aliweka tromboni magotini. Nilimwona machozi yanamlengalenga, mtu mzima yule.

Baada ya miaka mitatu ya namna hiyo tuliandika barua kwa ofisi ya mkoa, kuomba tupewe kiongozi mwingine. Kati yetu sitini na mmoja, hamsini na nane walisaini. Mimi nikasema haifai mzee wa watu asikie kwanza kutoka ofisini, lazima aione barua kabla haijaenda. Wakasema, basi ipeleke wewe.

Nilimkuta ofisini kwake anakula mkate na jibini. Akafuta vidole, akasoma taratibu hadi mwisho.

"Mstari wa nne mmekosea," akasema. "Mmeandika 'hatuongozi'. Ni 'hatuongozwi'. Hivi ilivyo, lawama ni zenu." Akachukua kalamu, akasahihisha. "Na wewe umesaini, Alojzy?"

"Nimesaini. Wa saba."

Akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Wa sita."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitamani anitukane. Badala yake aliisogeza karatasi karibu, na chini ya jina la mwisho akaandika: Ewald Kuczera.

"Maestro, acha. Usifanye hivyo."

"Kwa nini? Nyie mko mbali, mimi ndiye niko karibu na huyo mnayemlalamikia. Naona vizuri zaidi." Akanirudishia barua. "Wahi kabla ofisi hazijafungwa."

Nikaipeleka. Walikubali ndani ya mwezi. Siku ya kumuaga palikuwa na maua na hotuba ndefu ya mtu wa mkoa aliyekosea kutaja jina lake. Ewald alimpa mkono kila mmoja wetu, wote sitini na mmoja, akahamia kijijini kwa dada yake Truda.

Nilikwenda kumtembelea Oktoba. Truda alinipokea mlangoni na aproni yake.

"Karibu, Bwana Alojzy. Yuko nyuma anapasua kuni. Ila habari za muziki usimuulize."

"Anakasirika?"

"Angekasirika ningefurahi! Anakujibu tu, halafu unajuta."

Mezani kulikuwa na supu ya kuku na tambi. Ewald alikuwa amenenepa kidogo, mikono imekuwa na sugu. Nilivumilia nusu sahani, kisha nikamuuliza kama hamu ya ukumbi imemshika.

Akafikiri kwa kweli, kijiko kikiwa hewani. "Bado," akasema. "Kila asubuhi naangalia kama imeanza. Bado."

Truda alinikata jicho. Akaondoa sahani, akaleta nyama na kabichi nyekundu. Ewald akanisogezea chumvi kabla sijaiomba, akaniambia kwamba mwaka huu viazi vingi vimeoza kwa mvua.