Mguu wa Mringaringa

Bakili wa Ruhuwiko alipita katika vita vya Maji Maji bila hata mkwaruzo. Alikunywa maji ya dawa kama wanaume wenzake, kwa sababu mstari wa wanywaji ulipita mbele ya nyumba yake na kukataa kungehitaji maelezo marefu. Kisha akapewa kazi ya kuchonga mipini ya mikuki. Alikuwa fundi wa vinu, Myao aliyehamia kutoka Nalasi, na Wangoni waliokuwa wakienda vitani hawakuona sababu ya kumpa mkuki wenyewe. Alichonga mipini mingi. Wengi walioichukua hawakurudi.

Mguu aliupoteza baadaye, wakati wa amani. Wadachi walikuwa wameshinda, wakataka ukuta wa boma la Songea uimarishwe, na wanaume waliosalia wakapelekwa msituni kukata magogo. Gogo moja la mninga liliteleza kwenye mteremko. Wenzake wakaruka pembeni. Bakili naye akaruka, ila aliruka upande ule ule ambao gogo lilikuwa linaelekea. Daktari wa jeshi akamkata chini ya goti la kushoto. Daktari huyo alikuwa mtu wa kazi safi, na kidonda kilipona vizuri. Siku ya kumruhusu alimpa gongo lenye panda, akamwambia kwa kupitia mkalimani kwamba ataishi. Ukuta ulimalizika bila yeye.

Mkewe Mwamvua alikuwa mfinyanzi. Alipomwona mumewe akiingia uani kwa gongo, alisimama na udongo mikononi.

"Baba Biasha, mguu uko wapi?"

"Umebaki bomani."

"Wameuzika?"

"Sikuuliza."

Mwamvua alinawa mikono, akajifunga kanga ya pili, akaenda bomani kuudai. Mlangoni palikuwa na askari aliyeitwa Salum, Mmanyema mrefu mwenye kovu lililoanzia sikioni mpaka kidevuni. Mwamvua alimtambua mara moja. Wakati wa vita, askari walipopita Ruhuwiko kuchoma mashamba na vyakula ili watu washindwe kwa njaa, huyu ndiye aliyeshika kinga cha moto chini ya kihenge chake. Mahindi ya mwaka mzima yaliungua mchana kutwa. Mama yake Mwamvua, Bi Halima, alikufa katika njaa iliyofuata, akiwa anatafuna mizizi ambayo hakuna aliyejua jina lake.

"Nimekuja kuchukua mguu wa mume wangu," alisema Mwamvua. "Nataka kuuzika."

Salum alifikiri kidogo. "Miguu haitolewi hapa," akasema.

Mwamvua akarudi nyumbani. Hakumwambia mumewe ni nani aliyemkuta kwenye mlango wa boma.

Bakili hakuwa mtu wa kulalamika, lakini gongo lilimkera, kwa sababu fundi wa vinu hufanya kazi kwa mikono miwili, na mmoja sasa ulikuwa na kazi ya kumsimamisha. Basi akajichongea mguu. Aliufanya kwa mninga, mzito, umenyooka kama mchi, juu akatoboa shimo la kuingizia kigutu chake, yaani kile kipande kilichobaki chini ya goti. Aliufunga kwa kamba za ngozi, akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Mfupa ulikuwa ukigonga chini ya shimo kila alipokanyaga, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akauvua. Kesho yake Mwamvua aliutumia kutwangia mahindi, akasema si mbaya.

Aliuchonga wa pili kwa mringaringa, mti mwepesi ambao watu wa huko huchongea mizinga ya nyuki. Uzito ukapungua, maumivu yakabaki pale pale. Akajaza pamba shimoni. Pamba ikashikana, ikawa ngumu kama jiwe. Akaweka ngozi ya mbuzi. Kigutu kikachubuka, kikatoa maji, akarudi kwenye gongo kwa muda mrefu.

Mwamvua alikuwa akimtazama siku zote hizo. Jioni moja alirudi kutoka kijitoni na mtungi kichwani, akasimama mbele yake bila kuutua.

"Huu mtungi umekalia nini?" akauliza.

"Kichwa chako."

"Umekalia kata. Ungekalia utosi ningekuwa nimekufa zamani." Akautua, akavua ile kata ya majani makavu, akamtupia. "Wewe unaukalisha mwili mzima juu ya ncha ya mfupa. Ukalishe pembeni. Ncha iache ining'inie."

Bakili aligeuza kata mikononi mwake kwa muda.

"Nitajuaje pembeni pakoje? Sipaoni."

"Lete kigutu."

Alikandika udongo laini ndani ya chungu kipana, akamwambia aingize kigutu na atulie. Alipokitoa, umbo lote lilibaki ndani: mahali nyama ilipo laini, mahali mfupa ulipojitokeza, na ule mfereji ulio chini ya kifuniko cha goti. Udongo ulipokauka wakamimina nta iliyoyeyushwa, na ilipoganda wakavunja chungu. Wakapata kigutu cha nta, sawa kabisa na cha Bakili, ila hiki hakikuumwa. Bakili alikipaka masizi, akakiingiza katika shimo la mguu mpya, akakitoa. Popote masizi yaliposhika palikuwa panabana. Alipunguza kwa patasi, akapaka tena, akaingiza tena. Chini ya goti na ubavuni aliacha pabane, kwa makusudi. Chini kabisa alichimba mpaka ncha isiguse kitu. Alifanya hivyo siku nyingi, na uani palikuwa na unga wa mti kila mahali, hata kwenye uji.

Mguu ule haukumuumiza. Alitembea mpaka msikitini na kurudi. Watu walimuuliza anajisikiaje, akajibu kwamba msikiti umesogea mbali kidogo kuliko anavyoukumbuka.

Habari zikasambaa, kwa sababu vita vilikuwa vimeacha watu wengi wenye haja. Walikuja waliopigwa risasi, waliopigwa na wenzao kwa bahati mbaya, na mmoja aliyeanguka kutoka juu ya mti akiangalia vita kwa mbali. Bakili aliwauliza swali moja tu: "Unataka kufanya nini nao?" Wengi walidhani anawatania. Hakuwa akitania. Mguu wa mrina asali na mguu wa mtu anayeshinda barazani, alisema, haiwezi kuwa kitu kimoja.

Ndipo Salum alipokuja.

Askari yule alipigana vita vyote bila kuguswa na risasi wala mshale. Waliommaliza ni funza. Waliingia katika vidole vya mguu wa kulia akawapuuza, vidole vikaoza, unyayo ukafuata, na daktari yule yule wa kazi safi akamkata juu ya kifundo. Jeshi likamshukuru, likamwachisha kazi. Alifika Ruhuwiko kwa magongo mawili, na kiatu cha jeshi cha mguu wa kulia kikining'inia shingoni kwa kamba yake.

"Hodi. Fundi yupo?"

"Karibu," alisema Bakili. "Unataka kufanya nini nao?"

"Kuvaa kiatu hiki."

Mwamvua alitoka ndani na chombo cha udongo mkononi, akaliona lile kovu. Alikiweka chombo chini polepole.

"Huyu ndiye aliyechoma kihenge," akamwambia mumewe.

Bakili alimtazama mgeni, akatazama mguu wake mwenyewe, akaacha patasi. "Kuchukua umbo ni kazi ya mke wangu," akasema. "Yeye akikataa, mimi sina pa kuanzia."

"Mama, niliamriwa," alisema Salum.

"Sikukuuliza nani alikuamuru."

"Tulichoma vingi. Sikumbuki kila kimoja."

"Mimi nilikuwa na kimoja tu. Nakikumbuka."

Mwamvua alichukua kikapu, akaondoka kuelekea kijitoni. Alikaa huko sana, mpaka Bakili akamwambia mgeni akae chini asije akaanguka bure. Aliporudi, kikapu kilikuwa kimejaa udongo, na macho yake yalikuwa mekundu. Akaukanda kwa nguvu kuliko udongo ulivyohitaji.

"Mguu utapata," akamwambia Salum. "Na baba Biasha humjaribisha mtu kwa kazi kabla hajamwachia mguu. Wewe kazi yako itakuwa kunijengea kihenge. Weka mguu hapa."

Salum aliuweka. Mwamvua aliubana udongo kuuzunguka kwa mikono yake miwili, kwa uangalifu ule ule aliowafanyia wengine, na hakumtazama usoni.

Mguu wa Salum ulimpa Bakili taabu mpya. Watu wengine aliwachongea kitako cha mviringo chenye ngozi ya nyati chini, lakini kiatu kinataka unyayo. Alichonga unyayo wa kipande kimoja, na Salum akaanguka kifudifudi kila alipotaka kupiga hatua ya pili. Unyayo wa mtu hujikunja, na ule haukujikunja. Bakili aliukata kukingama pale vidole vinapoanzia, akaunganisha vipande kwa ukanda wa ngozi ya nyati ili mbele pajikunje na kurudi. Kisha, jambo ambalo Mwamvua hakulielewa, akachonga vidole vitano, na kucha zake.

"Vitakuwa ndani ya kiatu," alisema Mwamvua. "Nani ataviona?"

"Aliomba mguu. Mguu una vidole."

Kujenga kihenge kulichukua muda, kwa sababu mjenzi alikuwa akianguka. Alianguka akibeba nguzo, alianguka akisuka fito, na mara moja aliangukia ndani ya kihenge chenyewe, wakamtoa kama mtoto. Kila mara Bakili alikuja, akauvua mguu, akapunguza kisigino au akaongeza ngozi, akaurudisha. Mwamvua alipita na kazi zake. Hakumcheka, na hakumsaidia kuinuka.

Siku ya kuezeka, Salum alisimama juu ya jukwaa la miti akafunga nyasi mpaka mwisho, na hakuanguka. Kisha akashuka, akamwendea Mwamvua.

"Mama," akasema, "katika njaa ile, hapa nyumbani alikufa mtu?"

"Mama yangu."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Mwamvua alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu alipofika. "Halima binti Majaliwa."

Salum alilirudia lile jina kwa sauti ndogo, akaomba aonyeshwe kaburi. Mwamvua alikataa. Baada ya kupita mwezi mzima alikubali, wakaenda wote watatu, na Salum akasoma Fatiha. Alisoma vizuri, Bakili alishangaa. Wakati wa kurudi Bakili alisema kwamba kiungo cha vidole kinalia na kinahitaji mafuta.

Hawakuwa marafiki. Watu walipenda kusema baadaye kwamba Mwamvua alisamehe, naye alikuwa akiwajibu kwamba alitaka kihenge na amepata kihenge. Lakini Salum alipooa na kulima ng'ambo ya kijito, alikuja kila mwaka baada ya mavuno kukagua mchwa kwenye nguzo, na Mwamvua alimtolea kiti. Walikaa, wakazungumzia mvua, akaondoka.

Bakili aliendelea na miguu mpaka nywele zikawa nyeupe. Vinu aliacha, alisema vinu havirudi kulalamika, na mtu huzoea kulalamikiwa. Katika miaka ile kabla Wadachi hawajapigana na Waingereza alikuja mwanamke mmoja Mkristo kutoka Peramiho, jina lake Walburga, mjane aliyeumwa na nyoka na kukatwa mguu. Hakutaka kiatu wala vidole. Alikuwa analima mpunga bondeni, akasema mguu wowote wenye ncha utamzamisha mpaka kiunoni, na yeye hana mtu wa kumng'oa.

Bakili alifikiri siku kadhaa. Mwishowe akamfanyia unyayo mpana kama sahani, wenye matundu mengi ili tope litoke na mguu usinase. Ulikuwa mguu mbaya kuliko yote aliyowahi kuchonga. Walburga aliujaribu katika dimbwi la kijitoni, akaenda na kurudi, akageuka, akapiga jembe mara kadhaa hewani.

"Shikamoo, baba," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza amefika.

"Marahaba."

Alishika njia ya Peramiho, jembe begani, unyayo wake ukiacha alama pana vumbini. Mwamvua alimtazama mpaka alipopinda. Kisha akamwambia mumewe kwamba unyayo ule umezidi kidogo upande wa nje.

Bakili alisema ameona.