Ubatizo wa Bibi na Kikohozi cha Migombani

Nyumba ya bibi yangu ilinuka tumbaku ya kiko, na ndani yake hapakuwa na mtu aliyevuta. Babu tulikuwa tumemzika masika yaliyopita nyuma ya migomba, pamoja na kiko chake. Lakini alasiri, ukungu ulipopanda kutoka bondeni na kufunika vijiji vya juu ya Lukozi, harufu ile iliingia kwa mlango wa nyuma, nzito na yenye unyevu, ikapita juu ya chungu cha maharage na kutulia pale Babu alipozoea kukaa. Kisha tulisikia kikohozi migombani, kifupi na kikavu, kama cha mtu anayengoja kufunguliwa mlango. Bibi aliacha kupepeta. Mimi nilijibanza kwenye kanga yake mpaka ukungu ulipoondoka.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Baba na mama walifanya kazi kwenye mashamba ya chai upande wa Amani, nami nililelewa na Bibi. Babu alikuwa mganga aliyeogopwa, na alipokuwa hai mkewe hakuthubutu kukaribia kanisa. Baada ya msiba alijiunga na darasa la ubatizo, kwenye banda lilelile ambamo siku nyingine watu wazima walifundishwa kusoma. Aliketi benchi la mbele, mwanamke mzee kati ya watoto, akirudia Amri Kumi taratibu kama mtu anayehesabu mbuzi wake jioni. Sababu yake hakunificha. "Nataka kile kikohozi kikome," aliniambia.

Mdogo wake Babu, tuliyemwita Babu Mbelwa, alipopata habari alikuja na kusimama mlangoni, akakataa kiti.

"Shemeji, kaka hajakuacha," alisema. "Ukienda kwenye hayo maji, atamchukua huyu." Akaninyooshea fimbo yake.

Tangu siku ile Bibi hakuniacha peke yangu, hata chooni alinisindikiza. Uso wake ulianza kukonda. Mwinjilisti Elia, kijana mrefu mwembamba aliyefundisha darasa lile, alipopita kutusalimu, Bibi alimwuliza waziwazi: "Nikibatizwa, kitakoma?"

Elia alijibu: "Sijui, Bibi."

"Hujui?"

"Sijui. Mimi nilibatizwa nikiwa kichanga, na hata leo nikipita msituni peke yangu naimba kwa nguvu. Watu hudhani naimba kwa furaha."

Bibi alimtazama, halafu akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Ninaamini jibu lile ndilo lililompeleka kwenye maji. Angeahidiwa chochote, asingeamini.

Alibatizwa Jumapili, akaitwa Rebeka. Majirani walikula wali, wakaimba, wakaondoka kabla njia hazijafunikwa. Ukungu ukapanda. Bibi alikaa na kitambaa chake cheupe kichwani, mikono magotini, akisubiri. Harufu ikaja. Kikohozi kikaja. Kisha likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea: nikasikia jina langu likiitwa kutoka migombani, kwa ile sauti ya chini ambayo Babu alikuwa akiniitia nimletee kaa la moto. Miguu yangu ikaninyanyua yenyewe kuelekea mlangoni.

"Usiitike," Bibi alisema, akanikamata mkono.

Nilidhani atafunga mlango. Alitoka nje, akanivuta ndani ya ule weupe wa ukungu mpaka tukasimama kaburini. Uso wake sikuuona, ila mkono wake ulitetemeka ndani ya wangu.

"Baba Hoza," alisema, akimwita Babu kama alivyomwita alipokuwa hai, "nimekusikia. Nimekupikia maisha yangu yote, nimekuzika kwa heshima. Mtoto huyu humpati. Na mimi sirudi, nina Bwana mwingine."

Migomba ilidondosha maji. Baada ya kitambo kikohozi kilisikika tena, mbali kidogo, huko kwenye miti ya miwati.

Tulipoingia ndani Bibi alilia. "Mbona bado naogopa?" aliuliza, sijui akimwuliza nani. Kesho yake alimweleza Elia kwamba labda maji hayakumshika. Elia hakumkemea. Alimwambia tu arudi darasani, naye akarudi. Aliendelea kurudi hata baada ya kipaimara. Nilipoolewa alikuwa bado anakaa na watoto kwenye lile benchi. Hofu ilimtoka polepole, tena si kwa mfululizo. Mwaka alipofariki baba yangu, kikohozi kilisogea mpaka dirishani. Kila mara alitoka nje na kusema maneno yaleyale, na miaka ikaja ambayo nilimshika mkono nikaukuta umetulia. Alipokuwa kitandani mwishoni, nilimwuliza kama bado anasikia.

"Nasikia," alisema. "Ila siku hizi namhurumia."

Sasa mimi ndiye mwenye mvi, na ni mzee wa kanisa hapa Lushoto. Tuna umeme na vipaza sauti, na watu hupanda magari kutoka Mombo kuja kuombewa wafunguliwe, warudi siku hiyohiyo wakiwa wamekamilika. Siwacheki, wapo wanaorudi na amani. Ila mimi nilibatizwa nikiwa mchanga, huko kwa wazazi wangu, nimesali umri wote huu, na yupo jirani aliyesogeza mpaka wa shamba letu ambaye tunakutana kila Jumapili kwenye ngazi za kanisa. Yeye si kikohozi cha migombani, ni mtu hai, ana magoti mabovu kama yangu, hunisalimia kwa upole. Namwitikia, lakini kumtazama usoni bado sijaweza.