Kidole cha kipa wa Kibuta, na siku arobaini na mbili za kula peke yangu

Tak!

Nilisikia huo mlio kabla sijaona chochote. Kama mtu amevunja kijiti kikavu cha muhogo karibu na sikio langu. Nilipofumbua macho mpira ulikuwa umeshatoka nje, wenzangu wanashangilia kwamba nimeokoa.

Wakuu, heshima zenu. Nimesoma uzi wa kijana aliyeumia kidole kwenye basketi, memba wanamshauri kivutwe na kukandwa. Nikashindwa kunyamaza. Haya yalinipata mwenyewe, si chai. Nikiandika polepole mnivumilie, nimeshapita themanini, na kidole chenyewe ndicho hiki ninachobonyezea.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza. Mimi mtu wa Kibuta, Kisarawe, kipa. Siku hiyo tulipanda treni Pugu kwenda Kwala kucheza na vijana wa reli.

Mpira wa wakati ule ulikuwa wa ngozi, umefungwa kwa kamba, na ukilowa mvua unakuwa mzito kama nazi yenye makumbi yake. Ulinigonga ncha ya kidole cha kati, mkono wa kulia.

Hakikuuma sana. Ila ncha iliinama, na nikiiambia inuka, haiinuki.

Sefu, beki wetu na rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, akakishika. "Kimeteguka tu hiki. Kaza meno." Akakivuta kwa nguvu zake zote.

Nyumbani mama naye akakikanda kwa maji ya moto na chumvi. Siku ya nne kimevimba, na ncha bado imelala.

Nikaenda Kisarawe kwa dresa wa zahanati, mtu mzima aliyejifunza kufunga majeraha kwenye hospitali ya jeshi wakati wa vita. Alikitazama kidole, akanitazama mimi.

"Nani alivuta?"

"Rafiki yangu, bwana."

"Mwambie akavute ndoo kisimani."

Akanieleza kwamba nyuma ya kidole kuna kano, kamba nyembamba inayoinua ncha. Yangu imekatika. Inataka kuachwa iungane yenyewe. Akachonga kipande cha mwanzi, akakifunga chini ya kidole, ncha imenyooka.

"Siku arobaini na mbili, usiku na mchana. Ukibadilisha kitambaa, kidole kilale juu ya meza. Kikiinama mara moja tu, hata kwa chafya, tunaanza tena moja."

Nilidhani shida itakuwa maumivu. Shida ilikuwa kula.

Kwetu wanaume walikula barazani, sinia moja, mikono ya kulia. Nani angetaka kitambaa chenye jasho la wiki nzima kiingie kwenye wali wake? Hawakunifukuza. Nilijiondoa mwenyewe. Nikawa nakula chumbani, kijiko nimekibana kwa vidole viwili, nikiwasikia nyuma ya ukuta.

"Kipa anakula kwa kijiko, Bwana DC huyo!"

"Mpelekeeni na kitambaa cha mezani!"

Walicheka kwa upendo, najua. Lakini wakuu, upendo unaopitia ukutani unafika umeshapoa.

Hata udhu nilipangusa juu ya kitambaa. Nilikuwa na daftari la hadithi nilizokuwa nikijiandikia, nalo nikalifunga. Kidole kilikuwa kama mgonjwa ndani ya nyumba, na mimi nanyata nisimwamshe.

Sefu hakuja. Niliambiwa anapita njia ya nyuma. Maneno ya dresa yalimfikia, akaamini yeye ndiye aliyenikata kano. Mimi nilisikia ule mlio kabla hajanigusa, kwa hiyo nilijua si yeye. Nilimtumia salamu mara mbili. Akaendelea kupita nyuma.

Siku ya thelathini na tatu, Ijumaa, baada ya sala, akabisha hodi. Ana sanduku la bati. Anakwenda Kilosa kukata mkonge, treni ya jioni.

Mama akaleta sinia la wali na kisamvu cha nazi, na kijiko changu pembeni. Sefu akakitazama kile kijiko. Hakunyoosha mkono.

"Bado?"

"Nimepona," nikasema. "Dresa kaniruhusu tangu jana. Uvivu tu wa kufungua."

"Wallahi?"

Sikuapa. Nilifungua kitambaa.

"Basi sogea, mchoyo wewe! Mwezi mzima unajifungia na wali!"

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Tonge la kwanza tu, ncha ikainama taratibu, kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye hotuba. Nikaificha ndani ya wali. Tukala mpaka sinia likang'aa.

Kesho yake dresa hakunigombeza. Alichukua mwanzi, akasema, "Leo moja."

Nikazihesabu zote tena. Kidole kilipona nusu. Nilirudi golini na kudaka miaka kadhaa, lakini ncha imeinama mpaka leo.

Kijana wa basketi, funzo lako hili hapa. Usivute, usikande. Ncha isipoinuka, ifunge ikiwa imenyooka, nenda hospitali, na ukishafungwa vumilia mpaka siku ya mwisho. Na kama ulishika jezi ya mtu kidole kikakataa kukunjika, hiyo ni kano ya upande wa kiganja, mara nyingi inataka upasuaji. Wahi siku hiyo hiyo.

Na wewe mwenye rafiki aliyefungwa, usingoje apone. Beba sahani yako, kakae naye.

Aliyewahi kufungwa kidole atuambie alikula vipi, na alikula na nani. Anayeona nilifanya ujinga aseme pia, sinuni.

Najua mtauliza kama Sefu alirudi. Barua moja ilikuja, ya pili haikuja. Nilichobaki nacho ni ile saa ya kuagana.

Alinawa, akanipa mkono. Nikampa wa kulia, ncha nimeificha ndani ya kiganja chake. Akaubana.

"Mungu mkubwa. Nilidhani nimekuua mkono, ndugu yangu."

Akacheka, mara ya kwanza tangu Kwala. Akabeba sanduku lake, akatoka, akaurudishia mlango nyuma yake polepole, kama anayetoka chumbani kwa mtu aliyelala.