Maombi kwa Ajili ya Mlinzi wa Supamaketi

Kwa miaka tisa nilikana kwamba kaka yangu ni polisi. Sikumkana yeye mwenyewe. Hilo lingehitaji ujasiri kidogo. Nilimshusha cheo tu. Kila Mtanzania wa London aliyeniuliza kaka yako Marekani anafanya nini, nilimjibu kwamba ni mlinzi wa supamaketi, tena kwa sauti ya unyonge, ili asiendelee kuuliza. Wenzangu huwapandisha ndugu zao walioko ughaibuni, mfagiaji akawa meneja. Mimi nilikwenda kinyume, na kwa sababu hiyo nikajiona mkweli.

Ukweli ni huu. Kaka alikwenda Marekani kusomea kilimo, akaacha chuo, akajiunga na polisi katika mji wenye mto mchafu na viwanda vilivyofungwa. Alianza kwa kuzunguka na gari la doria, akawa sajini, kisha mkuu wa kituo, kisha naibu, na mwisho mkuu wa polisi wa mji mzima, nadhani wa kwanza katika kiti kile aliyekulia Morogoro. Picha yake ya kwanza akiwa na sare ilikaa sebuleni kwetu, juu ya televisheni, mpaka mama yetu alipofariki.

Alipokuwa mkuu wa kituo, askari wake mmoja alimpiga risasi mtu akamuua. Mkononi mtu yule alikuwa ameshika simu. Kaka alisimama mbele ya vipaza sauti akasema watu wasubiri uchunguzi. Video ile ilinifikia nikiwa kwenye tramu, Croydon, kusini mwa London, nikaizima kabla abiria wa pembeni hajaona kwamba tumefanana pua. Wiki hiyohiyo niliandika makala kali kuhusu polisi wa dunia nzima. Ilisifiwa na watu kumi na wanne, wote rafiki zangu, na ndani yake kaka hakuwemo. Kama alikosea au hakukosea sijui mpaka leo, kwa sababu sikumuuliza.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada kanisani kwetu Woolwich, mama mmoja, nesi mstaafu anayetuongoza sisi wanawake wa Kitanzania, aliniuliza kaka anafanya kazi gani. Uongo ukatoka wenyewe: alikwenda kusoma, sasa ni mlinzi wa supamaketi.

"Masikini," alisema. "Pamoja na kusoma kote kule? Tutamwombea apande."

Wakamwombea, kila mwezi, katika sebule zetu. Na kaka akapanda. Akawa naibu, akawa mkuu, kila mara akinipigia simu kunipa habari kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, nami nikimpongeza huku nimefunga mlango wa jikoni. Maombi yalikuwa yanajibiwa na mimi peke yangu ndiye niliyejua. Wenzangu walizidi kufunga na kukesha, wakishangaa Mungu anachelewa.

Mara moja alipiga wakiwa kwangu. Yule mama aliichukua simu mkononi mwangu. "Lete nimsalimie huyu mtoto." Akatoka nayo kwenye korido. Nilisikia kicheko tu, maneno sikuyasikia. Aliporudi alisema, "Ana adabu kaka yako. Wewe sijui yako uliiacha wapi." Kaka naye, niliporudishiwa simu, aliniuliza habari za watoto, basi. Nikajiambia hakuelewa kitu.

Mwanzoni mwa mwaka huu alifariki, moyo, asubuhi, akifunga kamba za viatu vya kazi. Pasipoti yangu ilikuwa Croydon, kwenye jengo la uhamiaji, pamoja na maombi yangu ya ukaazi, kwa hiyo sikuweza kwenda kuzika. Tukapanga ibada ya kumkumbuka, Woolwich. Yule mama alifika kwangu na chupa ya chai na maandazi, akaanza kugawa kazi.

"Wasifu wa marehemu utausoma wewe," aliniambia. "Si wewe ndiye msomi?"

"Mama, sitaweza."

"Utaweza. Na ukifika kwenye kazi usione haya. Sema mlinzi, tena kwa sauti. Watu wamesomesha watoto kwa ulinzi. Akitokea wa kucheka, nitamtoa nje mwenyewe."

Wasifu wetu una mpangilio wake: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, ugonjwa, aliowaacha. Kwenye kuzaliwa nilijaza ukurasa. Kwenye kazi nilikaa siku tatu, nikaishia na karatasi mbili. Moja ilisema mlinzi, na kuisoma kungekuwa kumzika kaka chini ya uongo wangu. Nyingine ilisema mkuu wa polisi, na kuisoma kungewaambia wale wanawake kwamba nimewapigisha magoti miaka tisa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Hiyo ya pili ilikuwa na sentensi tatu. Ya nne sikuwa nayo, maana sikuwahi kumuuliza kaka lolote kuhusu kazi yake. Nikamwandikia wifi yangu, mke wa kaka, kumwomba tarehe alizopandishwa vyeo.

Jumamosi saa saba mchana, zikibaki saa mbili ibada ianze, nimeshavaa nyeusi na karatasi zote mbili zimo mkobani, wifi akapiga simu.

"Wifi, tarehe za nini?"

"Za wasifu."

"Kwa hiyo leo utawaambia."

Nikauliza niwaambie nini.

"Kwamba hakuwa mlinzi wa supamaketi."

Nikakaa kitandani. Akanieleza kwamba siku ile yule mama alipochukua simu yangu alimwambia kaka asikate tamaa, ulinzi nao ni kazi, wanamwombea apate japo usimamizi wa zamu. Kaka akajibu, "Ahsante mama, msichoke kuniombea." Alipoweka simu chini alikaa mezani muda mrefu.

"Alikasirika?" niliuliza.

"Aliumia. Halafu akasema, dada ana watu wa kuishi nao huko, tusimharibie."

Nikazitoa karatasi zote mbili mkobani.

"Lakini siku alipoapishwa kuwa mkuu," wifi aliendelea, akicheka huku analia, "alishika simu akupigie, akaiacha. Alitaka umwambie yule mama wa Woolwich apumzike sasa, juu ya hapo hakuna cheo kingine. Akaona utaaibika. Bado yupo huyo mama?"

"Yupo. Ndiye anayenisubiri."

"Basi mfikishie. Haya, tarehe. Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Karatasi tupu ndiyo sikuwa nayo, nikaigeuza ile ya mlinzi, nikamwambia ataje.